Bia Iliyopelekwa Barmouth

Jumamosi asubuhi, aliyepita Mtaa wa Albion mjini Gornham alikutana na harufu kabla hajakutana na mtu. Ilikuwa harufu nzito na tamu, kama uji wa ngano uliotiwa sukari ukakaribia kuungua, na ndani yake mlikuwa na uchungu wa majani uliokwaruza koo. Watu wa mtaa hawakuhitaji kuuliza. Gilbert Tranter alikuwa anapika bia. Walioipenda harufu hiyo walipunguza mwendo. Mwanamke wa nyumba ya ng'ambo alifunga madirisha yake moja baada ya jingine, kwa kishindo, ili ujumbe ufike.

Gilbert alikuwa amevuka hamsini na tano wakati huo, mwishoni mwa miaka ya sabini. Alikuwa mrefu, mwenye mabega yaliyoinamishwa na kazi ya kumimina chuma cha moto kwenye kalibu, kazi aliyoianza kabla hajaota ndevu. Hakuoa. Aliishi na mama yake katika nyumba ileile alimozaliwa, akamuuguza miaka mingi, akamzika, kisha akabaki peke yake na viti vya mama vyenye vitambaa vya kufuma ambavyo hakuthubutu kuviondoa.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mohinder Gill, Mpunjabi aliyesimama naye tanuru moja tangu alipofika Uingereza. Mohinder alikuwa na kawaida ya kuingia kwa mlango wa jikoni bila hodi.

"Leo unapika ipi, kaka?"

"Ileile."

"Ileile ya mwezi uliopita, au ileile ya mwaka juzi iliyopasuka ikamtoa mke wangu kitandani akidhani vita vimerudi?"

"Ileile ninayoitafuta," alisema Gilbert, akaendelea kukoroga.

Bia yake ilitoka kwenye kopo. Duka la dawa la barabara kuu liliuza makopo hayo, yamepangwa katikati ya dawa za kikohozi na bandeji: makopo mapana yenye rojo jeusi la kimea, zito kuliko asali, lililokwisha kuchemshwa pamoja na hopsi, yale maua ya kijani yanayoipa bia uchungu wake. Gilbert alilitumbukiza kopo kwenye maji ya moto mpaka rojo likalegea, akalimimina ndooni, akatia sukari na maji yanayochemka, akakoroga kwa mwiko mrefu, akajazia maji baridi ya bomba. Yalipobaki ya uvuguvugu alinyunyiza hamira, akafunika ndoo kwa taulo, akaipandisha ghorofani kwa uangalifu kama anayebeba mtoto mchanga, akaiweka kwenye kabati la tangi la maji ya moto, kati ya mashuka. Huko bia ilitoa povu na kunong'ona yenyewe kwa siku kadhaa. Iliponyamaza aliihamishia kwenye chupa kwa mpira, akaongeza kijiko kidogo cha sukari kila chupa, akagongea vizibo kwa nyundo, akasubiri.

Ikiiva, Mohinder ndiye aliyekuwa wa kwanza kuionja. Alikunywa nusu glasi, akapangusa povu kwenye masharubu.

"Nzuri."

"Siyo."

"Kaka, nakwambia nzuri. Mimi sisifu bure. Muulize mke wangu, sijawahi kumsifu."

"Nzuri ni nzuri, Mo. Lakini siyo yenyewe."

Basi yenyewe ilikuwa ipi? Gilbert hakuwa mtu wa maneno mengi, na Mohinder alichukua miaka kuipata hadithi hiyo vipande vipande, leo kipande, mwakani kipande.

Zamani palikuwa na baa iliyoitwa Kengele Tatu, chini ya mtaa, karibu na mfereji. Haikununua bia kwa mtu. Mama Hackett, mwenye baa, aliipika mwenyewe katika banda la uani, kama mama yake alivyoipika na bibi yake kabla yake. Ilikuwa bia chungu, ya rangi ya shaba, isiyo na haraka mdomoni. Wanaume walitoka kwenye matanuru wakiwa wamekauka kama matofali, wakaingia Kengele Tatu bila hata kunawa. Glasi ya kwanza ilinywewa kimya. Mazungumzo yalianza na ya pili.

Mama Hackett alikuwa na binti, Iris. Gilbert alimjua Iris tangu utotoni, kwenye mashamba ya hopsi ya Worcestershire, ambako kila Septemba wanawake wa Gornham walikwenda na watoto wao kuchuma, wakilala kwenye mabanda ya ng'ombe yaliyotandikwa nyasi. Utomvu wa hopsi uligeuza vidole vyao kuwa vyeusi, na mkate walioushika kwa vidole hivyo ulikuwa mchungu. Watoto wengine walilia walipouonja. Iris aliula akicheka, akaomba na wa Gilbert.

Walipokua, Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya Mama Hackett kupika, na Gilbert akajipa kazi ya kubeba magunia ya kimea. Hakuna aliyemwomba. Alikuja tu. Iris alisimama juu ya pipa la kuchemshia, mikono ya blauzi imekunjwa, nywele zimelowa mvuke, akikoroga na kuimba kwa sauti mbaya. Gilbert aliweka gunia chini, akakaa juu yake, akatazama.

"We Gilbert, umelipa kiingilio?" Iris alimuuliza.

"Nimebeba gunia."

"Gunia ni kiingilio cha kusimama. Cha kukaa ni magunia mawili."

Akaenda kubeba la pili. Miaka ilipita hivyo. Mama yake Gilbert alikuwa ameanza kuumwa mifupa, haamki bila kushikwa mkono, na kila mara Gilbert alipotaka kusema lile la kusema alijiambia: mama akipata nafuu. Mama hakupata nafuu, wala hakufa. Alikaa kitandani akisubiri supu yake, na mwanawe akawa anamrudia kila jioni kwa saa ileile.

Kisha halmashauri ya mji ikaamua kupitisha barabara kubwa ya mzunguko, na Kengele Tatu ilikuwa katikati ya njia. Jumamosi ya mwisho wanaume walikunywa mpaka mabomba yakakohoa hewa. Kesho yake Gilbert alikwenda kusaidia kupakia lori. Mama Hackett alikuwa amekaa mbele tayari, mkoba mapajani, hataki kutazama nyuma. Iris alisimama kando ya gurudumu, amevaa koti lake jema.

"Tunakwenda kwa shangazi, Barmouth," alisema. "Pwani. Unapajua?"

"Nimepasikia."

"Huna la kuniambia, Gilbert?"

Lilikuwapo. Alikuwa nalo tangu kwenye ule mkate mchungu. Alifungua mdomo, akaiona kamba iliyofunga makabati nyuma ya lori, akasema, "Kamba imelegea. Ngoja niikaze."

Iris alifunga kifungo cha koti. "Haya," alisema. "Ikaze."

Akaikaza vizuri kweli. Lori likaondoka, halikuangusha kitu.

Baada ya hapo mji ulipata bia ya kampuni kubwa, ya baridi, iliyojaa gesi, inayomfanya mtu acheue kabla hajaionja. Gilbert aliinywa kwa sababu wenzake waliinywa. Akasikia kwamba Mama Hackett amefariki. Kisha kwamba Iris ameolewa na dereva wa mabasi ya watalii, mtu mwema anayeitwa Dennis. Alisema, "Vizuri," akaenda kumpashia mama supu.

Wiki moja baada ya kumzika mama yake, aliingia duka la dawa kurudisha dawa zilizobaki, akaona makopo. Akanunua moja, bila kujua kwa nini hasa. Nyumbani alilifungua, akamimina rojo kwenye maji yanayochemka, na mvuke ukampanda usoni. Ilibidi atafute kiti. Harufu ile ilikuwa imeingia jikoni kwa mama yake ikiwa na mikono ya blauzi iliyokunjwa na nywele zilizolowa, na Gilbert Tranter, mtu ambaye hakulia makaburini, alikaa chini na mwiko mkononi akalia mpaka maji yakapoa.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo Mohinder hakuambiwa. Yeye aliambiwa habari ya bia tu. Naye, kwa kuwa hakuwa mjinga, alijijazia mwenyewe.

Kutoka hapo Gilbert hakuacha. Aliagiza hopsi mbichi kwa mkulima wa Worcestershire, akazichemsha kidogo na kuziongeza, ili kuondoa ile ladha ya bati inayokuja na kopo. Alisoma kwamba maji magumu yanafaa bia chungu, akatia maji yake unga wa jasi. Alijaribu hamira ya aina hii na ile. Kila mara ilikaribia. Alipoifungua chupa na kuinusa, kulikuwa na nukta moja ambapo alisikia kama mtu ameingia uani. Akiionja, mtu yule alikuwa amekwisha kuondoka.

Kiangazi kimoja Mohinder aliipeleka familia yake pwani kwa siku moja, kwa basi la hekalu. Walirudi wameungua pua, na yeye akaingia jikoni kwa Gilbert hata kabla hajavua viatu vyenye mchanga.

"Kaka, kaa chini."

"Nimesimama vizuri."

"Kaa, nakwambia. Tumeingia mahali kunywa chai, Barmouth, karibu na daraja la treni. Chai yenyewe maji matupu, lakini hilo tuliache. Mama wa pale akaniuliza tunatoka wapi. Nikamwambia Gornham. Akaweka birika chini. Akaniuliza, 'Gornham gani? Ya mfereji?' Nikamwambia ndiyo, ya mfereji. Akaniuliza kama namjua mtu anaitwa Gilbert Tranter, kama yu hai."

Gilbert alikaa.

"Nikamwambia yu hai, na ananuka kama kiwanda cha bia. Akacheka, kaka. Akacheka mpaka wateja wakageuka. Mumewe amefariki, miaka mitatu sasa. Anaitwa—"

"Najua anavyoitwa."

Hakwenda wiki ile, wala mwezi ule. Alisema anasubiri bia iive. Iliiva, akasema hii haifai kumpelekea mtu aliyezaliwa kwenye banda la bia, akapika nyingine. Mohinder alivumilia mpaka majani ya miti yakaanza kugeuka, kisha akamjia akiwa na tiketi ya treni na mkoba wa mke wake wenye zipu.

"Tia chupa humu. Usinitazame hivyo. Umri huu unasubiri nini, upate ndevu?"

Safari ya treni kwenda pwani ya Wales ni ndefu na inatikisa. Gilbert aliweka mkoba juu, kwenye rafu ya mizigo, kwa sababu kuupakata kulimfanya ajione kama mwizi wa watoto. Walipokuwa wanapanda vilima, palitokea mlio kama wa bastola, na bibi mmoja mwenye kofia ya maua aliyeketi chini ya rafu akainua uso.

"Bwana," alisema taratibu, "mkoba wako unakojoa."

"Samahani sana, mama. Ni bia."

Bibi alitoa ulimi, akanasa tone lililokuwa likishuka kwenye ukingo wa kofia. Akafikiri. "Ungeileta na glasi," alisema.

Chupa moja ilikufa, zilizobaki zilifika.

Duka la chai lilikuwa dogo, kioo chake kimefunikwa na chumvi ya bahari. Gilbert alisimama nje mpaka mwanamke aliyekuwa ndani akifuta meza akaja mwenyewe kufungua mlango. Alikuwa amenenepa, nywele zimekuwa za kijivu na amezikata fupi. Lakini alisimama vilevile, mguu mmoja mbele, kama mtu aliyeko juu ya pipa.

"Umelipa kiingilio?" alisema Iris.

Gilbert aliinua mkoba uliolowa. 

"Ingia basi. Unavujisha kwenye sakafu yangu."

Alifunga duka, akageuza kibao cha mlangoni. Walikula mkate na jibini na vitunguu vya siki, wakazungumza habari za waliokufa, maana hao ndio waliokuwa wengi. Kisha Gilbert akafungua chupa, akaimimina kwa kuinamisha glasi, taratibu, mpaka povu likakaa juu kama kidole kimoja. Rangi ilikuwa ya shaba.  Mbele yake alikaa mtu pekee duniani ambaye angeweza kusema ndiyo au hapana.

Iris aliinua glasi kwenye mwanga. Akanywa. Akafumba macho.

"Hebu niambie," Gilbert alisema. "Usinihurumie."

"Siwezi kukuambia."

"Mbaya hivyo?"

"Gilbert, sina pua." Aliweka glasi mezani. "Nilipata mafua makali, msimu uleule Dennis alipokufa. Nilipopona, harufu haikurudi. Daktari alisema huenda itarudi. Haikurudi. Chumvi napata, sukari napata, uchungu napata, basi. Nakaanga samaki sijui kama wameungua mpaka nione moshi. Bia yako ni chungu, ina unene kidogo, inashuka vizuri. Zaidi ya hapo ni kama umeupa ukuta."

Gilbert aliitazama glasi. Miaka yote ile ya ndoo na mashuka yanayonuka, kumbe anampelekea mtu picha na mtu haoni.

"Pole," alisema.

"Usinipe pole. Wewe una pua. Niambie inanuka nini."

"Mimi si msemaji, Iris. Unanijua."

"Nakujua sana. Ndiyo maana nataka kusikia. Nusa, useme."

Akachukua glasi. Akainusa, akasema inanuka bia. Iris akampiga kofi dogo mkononi. Akainusa tena.

"Mkate," alisema. "Ganda la mkate, upande ulioungua kidogo. Halafu maganda ya chungwa yaliyokauka. Nyasi, zile za kule shambani tulikolala, asubuhi zikiwa na umande. Na vidole vyeusi."

"Endelea."

"Banda la mama yako, mlango ukiwa umefungwa kwa ajili ya baridi. Kuni zilizolowa. Gunia ambalo mtu amelikalia." Uso wake ulikuwa ndani ya glasi, na huko ilikuwa rahisi zaidi kusema. "Halafu nywele zako."

Nje shakwe walikuwa wanagombana juu ya paa.

"Nywele zangu zilinuka bia?" Iris aliuliza kwa sauti ndogo.

"Zilinuka Jumamosi. Hiyo ndiyo niliyokuwa naibebea magunia. Hilo ndilo nililotaka kusema siku ile, nikakaza kamba."

Iris alinyanyua glasi kutoka mikononi mwake, akanywa iliyobaki yote, kama walivyokunywa wanaume wa tanuru, bila neno. Kisha akapangusa mdomo.

"Ulikaza vizuri," alisema. "Mama alikusifu njia nzima. Mimi nilitamani makabati yote yaanguke barabarani." Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini aliinuka akafungua chupa nyingine. "Uchungu wako unakuja mbele wote, nyuma hakuna kitu. Unatia sukari?"

"Karatasi ya kopo inasema hivyo."

"Karatasi! Acha sukari. Tumia makopo mawili badala ya moja, kimea kitupu. Utapata mwili. Lakini usitegemee ifanane, Gilbert. Mama alitumia maji ya kisima cha uani, na kile kisima kiko chini ya barabara sasa."

"Najua. Nimesimama pale mara nyingi. Malori yanapita juu yake."

"Basi haitafanana."

"Haitafanana," Gilbert alikubali, na akashangaa kwamba amelisema mwenyewe kwa mdomo wake.

Alianza kwenda Barmouth kila bia mpya ilipoiva. Waliketi mezani, yeye akinusa na kusema, Iris akisikiliza amefumba macho. Mtu aliyekuwa hasemi maneno kumi kwa siku akawa anajiandaa ndani ya treni, akitafuta namna ya kusema moshi wa namna hii na ukungu wa namna ile. Iris hakumwachia kirahisi. "Hapo umerudia," alimwambia. "Ulisema hivyohivyo mara iliyopita. Nusa vizuri."

Safari ya tatu au ya nne, walipokuwa wanakula chipsi kwenye ukuta wa bahari, Gilbert alimwomba wafunge ndoa. Safari hii hakukuwa na kamba ya kukaza karibu.

Iris alikunja karatasi ya chipsi kabla ya kujibu. "Ungeniuliza siku ile, ningekubali kabla hujafika katikati ya sentensi. Ningeshuka kwenye lori kwa miguu yote miwili. Sasa nina duka langu. Nina kitanda changu, nimekizoea kilivyo. Na Dennis amelala kule juu kilimani, alinitendea wema, siwezi kumwacha atazame bahari peke yake." Alimshika mkono, mkono wa mtu wa tanuru, wenye makovu ya cheche. "Lakini usiache kuja. Ukiacha nitakufuata nikuue."

"Sitaacha," alisema Gilbert.

Treni ya kurudi ilikuwa nyeupe kwa taa na haina watu. Alikaa na chupa tupu zikigongana miguuni. Aliumia, hakuna haja ya kuficha. Hata hivyo maumivu haya yalikuwa na jibu ndani yake, na aliyaona mepesi kubeba kuliko yale ya kwanza.

Kiwanda kilifungwa mwaka uliofuata. Vumbi la miaka yote liliendelea na kazi ndani ya kifua chake. Kwanza alipumzika kila baada ya ngazi chache. Kisha ndoo ikamshinda kabisa, na majira ya baridi yalipoingia daktari alimkataza safari. Mohinder alijitolea kubeba ndoo, lakini alikoroga kwa fujo na kuongea sana, bia ikatoka na ladha ya siki. Gilbert hakutaka Iris ajue. Mohinder alimpigia simu mwenyewe.

Iris alifika Ijumaa kwa basi, sanduku dogo mkononi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuirudia Gornham. Aliomba apelekwe kwanza palipokuwa Kengele Tatu, na Mohinder akawaendesha wote wawili polepole kwenye mzunguko wa barabara, mara mbili, mara tatu, magari yakiwapigia honi.

"Ilikuwa upande gani?" Iris aliuliza.

"Hapa," alisema Gilbert. "Hapa tunapopita."

"Sioni kitu."

"Hakuna kitu."

Mohinder alizunguka mara moja zaidi bila kuambiwa, kisha akawarudisha nyumbani.

Kesho yake Iris alikunja mikono ya blauzi jikoni kwa mama yake Gilbert. Aliondoa vitambaa vya kufuma kwenye viti bila kuuliza, akavitia kwenye droo, akamkalisha Gilbert karibu na jiko, blanketi magotini. Makopo mawili, hopsi za mkulima, hakuna sukari. Yeye alikoroga, na Gilbert akanusa.

"Imefika?"

"Bado. Bado inanuka bati."

"Sasa?"

"Subiri. Koroga mpaka chini. Sasa. Zitie hopsi sasa."

Mohinder, aliyeketi kwenye ngazi kwa kuwa viti vilikuwa vimejaa vyombo, alitikisa kichwa. "Watu wawili, ndoo moja," alisema. "Kiwanda chetu kilifungwa kwa uzembe huu."

"Nyamaza, Mo, lete taulo," Iris alisema, na Gilbert akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Iris akaacha mwiko kuja kumshika mgongo. Mvuke ulikuwa umemlowesha nywele, zile fupi za kijivu. Aliinama karibu sana. Gilbert alivuta pumzi kadiri kifua kilivyomruhusu, akazinusa.

Ndoo ilipandishwa kabatini. Jumatatu asubuhi Mohinder alimpeleka Iris kituo cha mabasi. Gilbert alikataa kubaki nyumbani, akaenda amekaa kiti cha mbele, shingo imefungwa skafu mbili. Iris alipanda, akakaa dirishani, akaandika kitu kwa kidole kwenye kioo chenye ukungu, lakini kwa upande wa nje kilisomeka kinyume, na basi likaondoka kabla Gilbert hajamaliza kukisoma.

"Ameandika nini?" Mohinder aliuliza.

"Sikuwahi kukisoma."

"Anarudi lini?"

"Tukianza kutia chupani." Gilbert alikuwa bado anatazama kona basi lilikopotelea. "Amesema atakuja tukianza kutia chupani, kama hali ya hewa itaruhusu."

Theluji nyepesi ilikuwa imeanza kuanguka. Mohinder aliwasha gari, akaacha injini iungurume mahali pale, akisubiri mpaka rafiki yake aseme twende.